Msiba wa ukoo wa Mikasa, na sisi tunaotafuta mwanaume wa kusimama mbele

Hapa Japani kuna msiba mmoja mpaka leo sijaacha kuufikiria, na si wa ndugu yangu wala jirani, ni wa bibi wa ukoo wa kifalme anaitwa Yuriko. Alifariki tarehe 15 Novemba 2024, Tokyo, ana miaka 101. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo wiki ile tivii ilikuwa inaongea hilo tu, na wazee wetu wanaokaribia umri wake walikuwa wanamjadili kama shoga yao waliyesoma naye.

Kwa asiyemjua, huyu alikuwa mke wa Mwanamfalme Mikasa, mdogo wake wa mwisho Mfalme Hirohito, yule aliyetawala wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mzee Mikasa naye aliishi sana, alifariki Oktoba 2016 na miaka yake 100. Walizaa wavulana watatu na wasichana wawili, na wavulana wote watatu wakaondoka kabla ya wazazi. Wa kwanza kuondoka ni Takamado, mwaka 2002, ana miaka 47 tu, kaanguka akicheza skwoshi kwenye ubalozi wa Kanada hapa Tokyo. Halafu Tomohito 2012, huyu saratani ilimsumbua miaka na miaka, halafu Katsura 2014, ambaye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu tangu miaka ya themanini. Yaani mama kazika wanawe watatu kisha kamzika mumewe. Kwetu Tanga hapo wangeshasema kuna mkono wa mtu, na kuna shangazi angeshatajwa jina.

Sasa nilichotaka kusema ni hiki. Siku ya mazishi aliyesimama mbele kama mfiwa mkuu, mwenye msiba wake, ni mjukuu wa kike. Anaitwa Akiko, mtoto wa kwanza wa Tomohito, alizaliwa 1981, hajaolewa, ana udaktari wa falsafa wa Oxford, na wanasema ni mwanamke wa kwanza wa ukoo wa kifalme kupata digrii ya hivyo. Na haikuwa mara yake ya kwanza, maana 2012 alipokufa baba yake ni yeye huyo huyo aliyesimama akiwa na miaka 30, mama yake hakuwepo siku ile kwa sababu za kiafya na magazeti ya huku yakaongea yao, mimi hayo siyaingii.

Mazishi ya bibi yalikuwa tarehe 26 Novemba, makaburi ya Toshimagaoka, yako wilaya ya Bunkyo jirani kabisa na hekalu la Gokokuji, ukipita pale kwa nje huwezi hata kujua kwamba ndani kuna watu wa kifalme wamelala. Ibada ni ya Kishinto, watu wamevaa nyeusi, mmoja mmoja anapita mbele anainama anatoka. Hakuna anayelia kwa sauti, hakuna wa kuzimia, hakuna turubai wala masufuria. Baada ya hapo mwili unachomwa, majivu yanawekwa kaburini kwa mumewe. Na Mfalme Naruhito na mkewe hawakwenda mazishini! Ndivyo desturi yao ilivyo, mfalme haendi kwenye mazishi ya wanaukoo, anatuma mjumbe wake. Jamani mimi nilipoambiwa hivyo kwanza nilikasirika, nikawaza huyu ni mke wa babu yake mdogo, kwetu usipotokea kaburini kwa mke wa babu yako wewe andaa majibu ya miaka kumi.

Kuomboleza kwenyewe nako kuna kalenda. Walikuwa na amri ya mwaka 1909 iliyopanga nani anaomboleza siku ngapi kwa nani, baba, mama au mume ni mwaka mzima, halafu inashuka kadiri undugu unavyokuwa mbali mpaka siku tano. Amri hiyo ilifutwa 1947 baada ya vita, ila desturi bado wanaifuata, ndiyo maana kwa bibi Yuriko mfalme aliomboleza siku tano tu. Ukiwa kwenye maombolezo hushiriki ibada za kwenye madhabahu zao na sherehe unakaa nazo mbali. Raia wa kawaida nao wana mambo yao ya namna hiyo, ukifiwa mwaka huu basi kabla ya Desemba kuisha unatuma kadi kuwaambia watu wasikutumie salamu za mwaka mpya, na ile heri ya mwaka mpya wenyewe hawaisemi. Kazini unapewa siku chache, kwa mzazi kampuni nyingi hazizidishi wiki, kwa babu au bibi ni siku mbili tatu halafu rudi mzigoni.

Kwa moyo wa mtu, kwetu ni bora, sibishani na mtu kwenye hilo. Mama yangu alipokaa eda, ile miezi minne na siku kumi, nyumba haikukosa watu, kuna wa kupika, kuna wa kumsimulia vichekesho vya marehemu, kuna aliyekuja kulala tu. Huku nimeona mtu kamzika mumewe Jumanne, wiki inayofuata yuko supamaketi anachagua vitunguu peke yake, na wewe huwezi hata kumshika mkono maana hujui kama unamkosea. Rambirambi zao ni pesa ndani ya bahasha maalum na mfiwa anatakiwa arudishe zawadi yenye thamani kama nusu ya ile pesa, sasa fikiria umefiwa halafu unakaa na daftari unapiga hesabu ya taulo na majani ya chai. Kwa wafalme ndiyo kabisa, katiba yao kifungu cha 8 kinasema mali haiingii wala haitoki kwenye nyumba ya kifalme bila idhini ya Bunge, ukiacha vitu vidogo vidogo. Rambirambi ya Bunge hiyo.

Ila kuna kitu kimoja wametuzidi, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize.

Hawa watu wakifa hawaachi mali peke yake, wanaacha kazi, na kazi inatafutiwa mtu. Kila mwanaukoo ana vyama anavyovilea, ni mlezi au rais wa heshima, anahudhuria mikutano, anatoa tuzo, anafungua maonyesho, ndiyo kazi zao za umma. Takamado alipofariki mjane wake Hisako akashika viti vyake, mpaka mpira wa miguu, ni mlezi wa heshima wa chama cha soka cha Japani. Mwaka 2013 ni yeye aliyehutubia Kamati ya Olimpiki kule Buenos Aires siku Tokyo ilipopewa michezo ya 2020, kwa Kifaransa na Kiingereza, na 2018 alikwenda Urusi kwenye Kombe la Dunia, mtu wa ukoo ule alikuwa hajakanyaga Urusi tangu 1916. Bibi Yuriko mwenyewe aliongoza taasisi ya afya ya mama na mtoto kuanzia 1948 mpaka 2010, hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi, alipochoka akamwachia Kiko, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme. Na mzee Mikasa alikuwa msomi wa historia ya kale ya Mashariki ya Kati, ndiye aliyepiga jembe la kwanza Kaman-Kalehöyük kule Uturuki, 1986, Wajapani wakaanza kuchimbua mji wa kale. Leo chama cha urafiki wa Japani na Uturuki, ambacho Tomohito alikiongoza, kiko mikononi mwa Akiko. Babu, baba, mjukuu.

Sisi je? Sisi arobaini ikipita tunakaa kikao tunagawana, shamba la minazi kwa huyu, nyumba ya Ngamiani kwa yule, baiskeli imegombaniwa, mpaka kanzu. Baba yangu alikuwa mweka hazina wa msikiti na alikuwa kwenye kamati ya shule, tena kuna wajane wawili wa mtaani alikuwa anawapelekea unga kila mwezi bila kumwambia mtu. Kwenye kikao kile hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza unga wa wale wajane nani ataupeleka. Hilo halikuwa kwenye ajenda. Nilikuja kujua kuhusu ule unga kwa sababu mmoja wao alikuja mwenyewe kumuuliza mama.

Nisije nikaonekana nawapamba Wajapani. Ule mzigo ni mzito na wenyewe wanakiri. Akihito, mfalme aliyeng'atuka, kwenye ile hotuba yake ya Agosti 2016 alisema wazi kwamba mfalme akifa kunakuwa na ibada nzito za maombolezo kila siku kwa miezi miwili hivi, halafu mambo ya mazishi yanaendelea mpaka mwaka, na wakati huo huo kuna shughuli za mfalme mpya, kwa hiyo waliobaki wanaelemewa, hasa familia. Alikuwa anakijua anachosema kwa sababu baba yake alikufa Januari 1989 na yeye akatawazwa rasmi Novemba 1990, katikati hapo ni msiba tu. Uchumba wa mtoto wake Akishino ulipotangazwa Septemba 1989 kabla mwaka wa kumwomboleza babu haujaisha, kuna watu walinung'unika. Kwa hiyo na wao wana mashangazi.

Sasa njoo kwenye sheria, hapo ndipo panaponiudhi. Tarehe 30 Septemba 2025 baraza linaloshughulikia uchumi wa nyumba ya kifalme lilikaa likaamua Akiko ndiye mkuu mpya wa ukoo wa Mikasa, na mama yake Nobuko akatengewa nyumba yake. Vizuri, tukashangilia, mwanamke asiyeolewa kuwa mkuu wa tawi la ukoo wa kifalme. Lakini Sheria ya Nyumba ya Kifalme ya 1947 inasema mwanamke wa ukoo akiolewa na raia wa kawaida anatoka. Mabinti wawili wa Takamado walitoka hivyo hivyo, Noriko 2014 na Ayako 2018. Kwa hiyo Akiko, aliyemzika baba na akamzika bibi, aliyerithi viti na makaburi na Uturuki, siku akiolewa na mtu wa kawaida anafungasha, na ukuu wa ukoo wa Mikasa anauacha. Ukoo mzima wa kifalme wamebaki watu 16 tangu bibi Yuriko aondoke, na wanaoweza kurithi ufalme ni wanaume watatu, mmoja wao amezaliwa 1935.

Na dawa wanayoijadili ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu kwenye treni. Mwishoni mwa 2021 jopo la wataalamu lilipeleka serikalini mapendekezo mawili: la kwanza wanawake wabaki kwenye ukoo hata wakiolewa, la pili waasiliwe wanaume kutoka zile koo 11 zilizoondolewa kwenye ufalme Oktoba 1947. Yaani watu ambao kwa karibu miaka themanini wamekuwa raia wa kawaida wanalipa kodi na kupanda treni, warudishwe kwa sababu ni wanaume upande wa baba, wakati mwanamke aliyekesha na maiti yupo hapo hapo amekaa. Mpaka 2025 imeisha Bunge lao halijakubaliana.

Nilicheka kwa sababu nimeiona nyumbani. Baba alipofariki, dada yangu mkubwa ndiye aliyemuuguza, ndiye aliyelipa hospitali, ndiye aliyejua nani anadai na nani anadaiwa. Ikafika wakati wa msemaji wa familia, wazee wakaangaliana, wakasema tumsubiri mtoto wa baba mdogo, yuko njiani anatoka Mbeya. Mtu ambaye baba alikuwa hajaonana naye miaka. Akafika na vumbi la safari, akapewa karatasi, akasoma wasifu wa marehemu, akakosea mwaka wa kuzaliwa na jina la kijiji, dada yangu yuko ndani anahesabu sahani. Kuna waliosema dini, mimi nikamuuliza ustadhi mwenyewe kama kuna katazo mtoto wa kike kusimama kushukuru watu waliokuja kumzika baba yake, akaniambia binti yangu hayo ni ya wazee wako, usiniingize.

Halafu ni nchi hiyo hiyo. Machi 2021 Rais Magufuli alifariki tarehe 17, tarehe 19 Mama Samia kaapishwa, na ndani ya siku zile za maombolezo ni yeye aliyekuwa anahutubia, anapokea wageni, anaongoza mazishi ya kitaifa, taifa zima linamwangalia mwanamke akibeba msiba na dola kwa pamoja na hakuna aliyesema tumsubiri binamu kutoka Mbeya. Ikulu inawezekana, kwetu Chumbageni, Tanga, haiwezekani?

Binamu mmoja nilipomwambia haya alinijibu hao wa huko ni wafalme, wana wapambe na bajeti. Sawa, bajeti wanayo. Lakini kusimama na kusema asanteni kwa kuja, marehemu alizaliwa mwaka fulani, mwenye deni aje kwangu, hiyo inahitaji bajeti gani? Nimeshaandika kwenye grupu la familia, nimesema mapema wakati wote tuko wazima ili kusiwe na kisingizio cha haraka, kwamba msiba ujao wa nyumba yetu msemaji ni dada. Wadogo zangu wa kiume wameweka dole gumba. Baba mdogo kasoma, zile alama mbili za bluu naziona, hajajibu. Na wale wajane, mmoja bado yupo, unga anapelekewa na dada.