Kiapo Walichokula Wengine

Hadithi nyingi za falme za kubuni humtukuza shujaa anayelipiza kisasi, nasi wasomaji tukahesabu maadui walioanguka bila kuwauliza waliokanyagwa njiani. Mimi hadithi ya namna hiyo huipima kwa jinsi inavyowatazama watu ambao hawakula kiapo lakini wakakilipia, na ndiyo maana naithamini mno The Silmarillion ya J. R. R. Tolkien, iliyochapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya kifo chake.

Humo Fëanor, mwana wa mfalme na fundi stadi wa vito, anauliwa baba na kuibiwa vito vyake vitatu, ndipo yeye na wanawe saba wanapoapa kumwandama yeyote atakayevishika. Uchungu wake ni wa haki. Lakini adui aliyemtenda hayo yuko ng'ambo ya bahari, kwa hiyo wa kwanza kuuawa ni Wateleri, mabaharia wa Alqualondë waliokataa kutoa merikebu walizozijenga kwa mikono yao. Baadaye Fëanor anazichoma merikebu hizohizo, na wenzake walioachwa nyuma wanavuka barafu kwa miguu. Huko anaangamia Elenwë, mke wa Turgon, pamoja na wengine wengi.

Kinachoniuma zaidi ni kisa cha Doriath, ufalme wa msituni. Wana wa Fëanor wanaivamia kwa ajili ya kito kimoja, wanamuua mfalme Dior na mkewe, na Celegorm, mmoja wao, anafia hapo. Watumishi wa Celegorm wanawachukua watoto wawili wa mfalme, Eluréd na Elurín, na kuwatelekeza msituni wafe njaa. Maedhros, kaka mkubwa, anajuta na kuwatafuta kwa muda mrefu, asiwapate, na hakuna simulizi linaloeleza yaliyowasibu. Tolkien, aliyepigana Somme, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1916 na kuwapoteza vitani mwaka huo marafiki zake wa ujana Rob Gilson na G. B. Smith, hakumpa msomaji muujiza wa kumliwaza, nami naona alifanya vyema.

Wapo wanaomsifu Maedhros kwa majuto yale. Majuto yalikuwa ya kweli, ila hayakumzuia kuwashambulia wakimbizi wa Doriath kwenye midomo ya mto Sirion, kwa sababu ya kito kilekile. Mwishowe yeye na nduguye Maglor, waliobaki peke yao kati ya wale saba, wanavipata vito viwili, vinawaunguza mikono, kwani matendo yao yamekwisha kuwanyang'anya haki ya kuvimiliki.