Lumbesa bado ipo, na mizani haionekani

Sheria ya Vipimo ya Tanzania, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Wizara ya Viwanda na Biashara. Ukomo wa gunia la mazao ni kilo 100. Basi nenda shambani msimu wa viazi uone: gunia limejaa hadi mdomoni, juu yake kimeshonwa kilemba cha wavu, kamba zinavutwa mpaka zinakatika. Hiyo ndiyo lumbesa, na mnunuzi analiita gunia moja!

Piga hesabu. Tuseme gunia ni shilingi 60,000, yaani 600 kwa kilo. Likiwa na kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bure: shilingi 18,000 kwa kila gunia. Kwa magunia 100 ni milioni 1.8, ambayo ni mbolea ya msimu ujao. Na kwa kuwa ushuru wa mazao na ujira wa wapakiaji mara nyingi huhesabiwa kwa gunia, mnunuzi anaokoa huko nako. Halmashauri inapunjwa, mpakiaji anavunjika mgongo.

Kinachokera ni ukaguzi kufanyika barabarani. Lori likikamatwa, mkulima keshalipwa kidogo na haongezewi hata senti. Mizani iliyohakikiwa, yenye stika ya mwaka huu, iwekwe kijijini kwenye kituo cha kununulia. Ikae mahali tambarare, isome sifuri kabla ya kupakia, na mkulima aone namba mwenyewe. Bei itajwe kwa kilo.