Barua iko kwa Mkurugenzi

Leo asubuhi mlinzi kaniandika mgeni kwa mara ya tisa. Nimehesabu mwenyewe kwenye daftari lake wakati anatafuta kalamu.

"Unakuja kumwona nani?"

Afande, si jana umeniuliza hivyo hivyo?

"Hiyo ilikuwa jana."

Siku ya kwanza niliandika nimekuja kumwona dada wa utumishi. Siku ya nne nikapanda cheo, nikaandika mkurugenzi. Leo nimeandika jina langu: nimekuja kujiona mwenyewe. Kasoma taratibu, kaninyanyulia macho, kaniuliza, "Anajua kama unakuja?"

Nikavishwa ile kadi ya MGENI shingoni, nikapanda ngazi kwenda kwenye kazi ambayo kimaandishi sina.

Maana simu nilipigiwa. "Hongera kaka, umepita, barua ya ofa unatumiwa leo jioni." Jioni hiyo sasa ina wiki sita. Barua iko kwa mkurugenzi, mkurugenzi yuko Dodoma. Karudi kutoka Dodoma, barua nayo ilikuwa imetumwa Dodoma kumfuata. Mimi huku naambiwa wewe anza tu, itakukuta. Nimeanza. Nimekalia kiti cha dada aliye likizo ya uzazi, kwenye droo kaacha chupa ya pilipili na kanga moja. Nakala za vyeti nimepeleka mara tatu. Namba ya NIDA, tarakimu zote 20, naitaja hadi usingizini. Mke wangu kaniamsha usiku wa manane: namba ya nani hiyo? Mwanamke gani, mama Neema, mwenye namba ndefu kiasi hicho?

Nikajifanya msomi. Nikamwendea dada wa utumishi na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kwamba mtu akianza kazi apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kanisikiliza vizuri, hata kichwa kakilaza pembeni. "Kaka, hiyo ni ya waajiriwa. Wewe ni mshauri elekezi. Wewe tunakukata ile kodi ya zuio, asilimia 5, basi. NSSF utajua mwenyewe."

Yaani kinachokatwa kinajulikana. Kinachokatiwa ndiyo bado kiko Dodoma.

Sasa, haya ya ofisini ningeyameza. Kilichonimaliza ni Mangi.

Jana jioni nimeshuka Kimara, mfukoni nauli ya kesho tu, nikapita dukani. Nikasimama mbele ya zile nondo kama mtu mwenye kazi. Nikakohoa. Mangi, nipimie sukari kilo, unga kilo mbili na mafuta nusu lita, uandike.

Mangi hakugusa mzani. Kachukua daftari, kalambisha kidole, kafunua kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia.

"Baba Neema, uliniambia umepata kazi."

Nimepata.

"Kazi gani?"

Mshauri elekezi, nikasema, na sauti nikaipandisha kidogo kwa sababu nyuma yangu walikuwa wamesimama kina mama wawili.

"Ndiyo kufanya nini?"

Nashauri. Mtu ana biashara yake, imemkalia vibaya, mimi naangalia, namwambia afanye nini.

"Halafu anakulipa?"

Ananilipa.

"Kwa kumwambia tu?"

Kwa kumwambia.

Mangi kafikiri. Kamhudumia mtoto aliyetumwa kiberiti, karudi. "Mbona wale wa kijiweni wanashauri kutwa nzima, tena bure?" Nikamweleza tofauti ya maneno ya kijiweni na ushauri wa kitaalamu. Nilieleza vizuri mno. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

"Haya," kasema, "nishauri na mimi. Nina mteja. Anadaiwa elfu thelathini na nane tangu mwezi juzi. Anasema kapata kazi. Barua hana. Mshahara haujui. Sasa anataka sukari. Nimpe?"

Kina mama nyuma wakanyamaza. Hata yule mtoto wa kiberiti hakuondoka.

Ndugu zangu, mtu unaweza kudanganya njaa, lakini taaluma ni ngumu. Nikajisikia nauliza: huyo mteja, dhamana anayo? "Hana." Kuna mtu wa kumthibitishia? "Kuna mlinzi wa ofisini kwake, ila huyo naye anamwandika mgeni." Nilimsimulia mimi mwenyewe, Jumamosi, kwa mdomo wangu huu. Basi nikashusha pumzi, nikasema, Mangi, kwa hali hiyo mkopo usimwongezee, mpaka apunguze deni la zamani au alete barua.

"Asante," kasema Mangi, kafunga daftari. "Umenisaidia sana."

Nikabaki nimesimama. Na ada yangu je? Maana nimeshauri, na wewe umefuata. Kafungua kopo, katoa peremende mbili, kazishika kidogo, moja kairudisha kwenye kopo.

"Zuio," kasema.

Hiyo ni asilimia 50! Nimepiga kelele hadi mama mmoja kaangusha nyanya. Asilimia 50, Mangi, hata serikali haijafika huko! Na hilo neno alilijua wapi? Kwangu. Kila kitu mtaa huu unanifungia nacho kimetoka kwangu. Peremende nimempa Neema, kaniuliza unga uko wapi.

Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi sita, au nakala ya barua. Mama mkwe kashatangaza Korogwe kwamba mkwe wake sasa ni mshauri, na tayari watu wawili wamenipigia kuhusu kesi ya shamba. Mwendokasi sisemi kitu, leo nimesafiri Kimara hadi Posta kwa mguu mmoja, wa pili sijui ulikuwa wa nani.

Na hii suruali nyeusi mnayoniona nayo siku ya tisa, msidhani ni sare. Ya kijivu iko kwa fundi, apunguze kiuno tu, mshono mmoja. Njoo Ijumaa. Ijumaa ipi, fundi? Umeme ulikatika. Umeme gani, na cherehani yenyewe ya kukanyaga? Njoo Jumatatu. Halafu Jumapili nimekutana naye mlangoni kanisani, kapendeza, tukapeana mikono, Bwana asifiwe, amina, akapita mbele kwenda kukaa na wazee. Ndipo nikaiona kwa nyuma. Kiuno kakipunguza, tena vizuri.

Kwa kipimo chake.