Kelele Arusha zina faini, moshi je?

Tuongee ukweli kuhusu hii ishu ya baa kufungwa kwa sababu ya kelele. Kanuni za kelele zipo tangu 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, walifungia baa na kumbi kadhaa, Dar zikiwemo, kwa hiyo hapa Arusha mwenye spika kubwa hawezi kusema hajui.

Wenye baa wana hoja na siwabezi. Mtu kachukua mkopo, kaajiri wahudumu, wachoma nyama, DJ, nje kuna bodaboda wanaokula kupitia wateja wake, halafu leseni alipewa na Halmashauri hiyo hiyo ikijua kabisa ukuta wa pili watu wanalala. Wanauliza pia mbona mikesha yenye spika nje inaguswa kwa woga, na hilo swali ni halali kabisa.

Ila mimi niko na anayelala. Nesi wa shifti ya asubuhi, mgonjwa wa presha, mtoto wa mtihani, hawana pa kuhamia, na besi hata ufunge dirisha inapita ukutani. Na desibeli, yaani kipimo cha sauti, hazihesabiwi kama shilingi, zikiongezeka 10 tu sikio linasikia sauti imekuwa karibu mara mbili. Kazi ingeanzia kwenye leseni: jengo likaguliwe, majirani waulizwe, baa isiyo na kuta izime muziki mapema. Faini ifuate baadaye.

Kinachoniuma zaidi ni hewa. Kanuni zake ni za 2007, zilitangulia za kelele miaka 8, lakini gari la taka lisipopita watu wanachoma plastiki na pampasi uani, jioni mtaa mzima unakohoa na hakuna anayekuja na kipimo. Chembe zilizo chini ya maikromita 2.5 huzioni, zinashuka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo maana 2021 WHO walishusha kiwango cha wastani wa mwaka toka maikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Kumpiga faini mama anayechoma taka wakati gari halijaonekana ni uonevu, hapo naungana na wanaopinga. Lakini vifodi, daladala zetu za hapa, vinavyotoa moshi mweusi vina namba, vina mmiliki, na trafiki anavisimamisha kila siku kuangalia bima, hapo hapo barabarani moshi nao ungeweza kupimwa.