Kitovu kilichoungua

Inaudhi kuona picha ya Omega Centauri yenye doa jeupe katikati. Kundi lile la nyota, mviringo kama tufe, lina nyota takriban milioni 10, na uzuri wake wote uko pale kitovuni zinakobanana. Ukiziunguza hizo, umepiga picha ya nini?

Kosa hutokana na mazoea ya kupiga nebula, yale mawingu hafifu ya gesi na vumbi angani: mtu anaiacha kamera ikusanye mwanga dakika 5 nzima. Nyota angavu hujaza pikseli, rangi hupotea, na hakuna programu ya kuirudisha. Piga sekunde 15 hadi 30, fremu 100 au zaidi, kisha uziunganishe. Na histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ikaguliwe ungali nje na darubini, si kesho yake asubuhi!

Halafu fokasi. Usiku ukipoa, bomba la darubini husinyaa, nyota huvimba na kitovu huwa uji. Funika mdomo wa darubini kwa barakoa ya Bahtinov (kifuniko chenye mipasuo, ambacho miale yake kwenye nyota huonyesha kama fokasi imekaa sawa), lenga nyota angavu iliyo jirani, rekebisha (barakoa uitoe, tafadhali), na urudie kila joto linaposhuka nyuzi 2 au 3.

Wengine hufanya yote hayo vizuri, kisha kwenye kompyuta wanapandisha mwangaza kwa pupa mpaka kitovu kinaungua upya. Pandisha kidogo kidogo, jamani.