Uhuishaji wa Madirisha Uwashwe, lakini Mashine Ipimwe Kwanza

Anayewasha kompyuta mpya siku hizi hukuta madirisha yakitanuka, menyu zikiteleza na picha zikififia, bila mtu kumuuliza kama anayataka hayo. Kwa maoni yangu, uhuishaji wa aina hiyo unastahili kuwashwa tangu mwanzo pale tu unapomweleza mtumiaji jambo, na pale tu mashine yake inapoumudu.

Mac OS X, mfumo wa kompyuta za Apple, ilipotoka mwaka 2001, dirisha lililopunguzwa lilinywea na kufyonzwa hadi kwenye Dock, upau wa programu ulio chini ya skrini. Wapo walioziita hizo mbwembwe, lakini mtu anayejifunza kutumia kipanya hunufaika nazo, kwa sababu huona kazi yake imekwenda wapi. Dirisha likitoweka ghafla, hudhani ameifuta, huifungua programu upya, na baada ya muda barua ile ile iko wazi mara tatu. Menyu inayofifia taratibu, kwa upande mwingine, haimwambii chochote, inamchelewesha tu.

Skrini ya kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kila picha ina takriban milisekunde 17 za kuandaliwa. Kompyuta za mitumba, ambazo ndizo wengi wetu tunazozimudu, mara nyingi hushindwa kuufikia muda huo, na kile kilichokusudiwa kuwa mtelezo laini hugeuka kuwa mikwamo. GNOME, mazingira ya madirisha na menyu yanayotumika katika matoleo mengi ya mfumo wa Linux, huzima uhuishaji yenyewe inapobaini kwamba michoro inachorwa na prosesa badala ya kadi ya picha, na huo ndio utaratibu ambao ningependa uwe kanuni kwa wote.

Kuna pia suala la afya. Toleo la iOS 7, mfumo wa simu za iPhone, la mwaka 2013 liliwaletea baadhi ya watu kizunguzungu na kichefuchefu, hata Apple ikalazimika kuboresha swichi ya kupunguza mijongeo. Ilikuwa simu, lakini macho ni yale yale. Katika Windows 11, swichi ya namna hiyo imo ndani ya mipangilio ya ufikivu, maana yake mwenye kizunguzungu hupitia kurasa zinazoteleza ili akauzime mtelezo. Wanaosema kwamba asiyetaka azime mwenyewe ni wale wanaojua tayari pa kuzimia. Swali la kama mtu anautaka uhuishaji liulizwe siku ya kwanza, pamoja na lugha na saa za eneo.

Kuhusu kasi, KDE Plasma, mazingira mengine ya Linux, ina kitelezi cha kasi ya uhuishaji kinachoanzia mwendo wa polepole hadi papo hapo. Kama uamuzi ungekuwa wangu, kingetoka kiwandani kikiwa karibu kabisa na upande wa papo hapo, ili dirisha liwe limeshatulia kabla mkono haujatoka kwenye kipanya kwenda kwenye kibodi.