Rap darasani: biti haina shida, shida ni mwani

Naanza na kelele. Nilikuwa mwalimu wa BOM, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule, kwa shule moja ya kutwa huku Nakuru, Kiswahili na CRE (dini ya Kikristo), darasa la watoto hamsini na kitu, na kila siku baada ya lanchi hilo darasa lilikuwa linalala. Si usingizi wa mchezo, ni ule wa githeri imeshuka na jua limewaka juu ya mabati. Siku moja tuko kwa ushairi, natangaza mizani, vina, ukwapi, utao, naongea na ukuta, nikasikia kijana mmoja kwa kona anapiga dawati polepole na vidole na mwenzake anatema mistari chini kwa chini. Badala ya kuwatoa nje nikawaambia haya, pigeni kwa sauti, sisi wengine tuhesabu silabi. Baada ya dakika kama kumi darasa zima lilikuwa linahesabu mizani na hakuna aliyelazimishwa, halafu naibu wa mkuu akasimama mlangoni akauliza kama hapa ni darasani ama ni steji ya matatu.

Hilo swali lilifika ofisi ya walimu likakaa huko wiki mbili. Walimu wachanga wakasema hip hop iingie darasani kabisa, watoto wanaijua, wanaipenda, mbona tusiitumie. Wazee wetu wakasema shule si klabu, na mtoto akishazoea kufundishwa kwa ngoma, siku utamletea ufahamu wa kurasa mbili kavu atakufa na kiu. Mimi nilijiweka upande wa wachanga bila kufikiria sana. Siku hizi nimehama kidogo, si kwenda kwa wazee, ni mahali katikati pasipo na kiti.

Kwanza tuwape wanaotetea haki yao, juu hili jambo halikuanzia Kaptembwa, mtaa wetu wa hapa Nakuru. Ile pati inayohesabiwa kama mwanzo wa hip hop, tarehe 11 Agosti 1973 huko Bronx, New York, DJ Kool Herc akiwa kwa mashine, iliandaliwa na dada yake Cindy ili apate pesa ya nguo za kufungua shule. Yaani muziki wenyewe ulizaliwa kwa harambee ya shule, halafu leo tunauliza kama unaruhusiwa kuingia getini. Marekani wameujaribu darasani kitambo. Kuanzia 2012 profesa Christopher Emdin wa Chuo Kikuu cha Columbia aliungana na rapa GZA wa kundi la Wu-Tang Clan wakaingia shule kumi za sekondari za umma New York, wanafunzi wakaandika rap za sayansi na kushindana nazo. Kuna pia kampuni ya Flocabulary, ya 2004, inayouzia shule rap zilizotengenezwa tayari za msamiati na historia. Hizo njia mbili si kitu kimoja ingawa watu huzichanganya: kwa Emdin mtoto ndiye anaandika, kwa Flocabulary mtoto kazi yake kubwa ni kusikiliza ya wengine. Shikeni hapo, nitarudi.

Kwa mwalimu wa Kiswahili hii vita ni ya ajabu kidogo, juu nusu ya silabasi yetu ya fasihi simulizi ni rap ambayo haijajua jina lake. Kuna majigambo. Ni nini hayo kama si msee kusimama mbele ya watu ajisifu kwa lugha ya mkato, ataje jina lake, ataje kwao, aseme venye wengine hawamfikii? Kuna malumbano ya utani, kuna lakabu, kuna vitanza ndimi. Mshairi Muyaka wa Mombasa karne ya 19 ikianza alikuwa anarushiana mashairi na washairi wa Lamu, huyu anatupa, yule anajibu, na mji wote unasikiliza nani amelowa. Ukija Kisumu, kwa nyatiti ama ohangla, ngoma za Waluo, mtu anasimamisha muziki, anatoa pesa, anajisifu na kusifu marafiki zake, wanaita pakruok, na mdomo wako ukiwa mzito pesa zako zimeenda bure. Kwa hivyo mtoto wa Nyalenda anayetema mistari si kwamba ameiga tu Marekani, kuna nyanya yake mahali anaitambua hiyo kazi hata kama haitambui nguo.

Lakini hapo pia tusijidanganye. Nimesikia watu wakisema basi rap ni yetu, imalizike. Si yetu kihivyo. Mtoto wa kijijini upande wa Shinyalu, Kakamega, amekua na isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiweka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ukimletea rap ya sheng, ile lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi, atakuangalia venye anaangalia ufahamu wa Kiingereza. Ule ukaribu mnaosema hip hop inaleta, kwake ni umbali mwingine. Mwalimu wa huko akitaka mdundo aanze na ule watoto wako nao, na asione haya eti si wa kisasa.

Sheng ndiyo hoja ambayo wazee walinipiga nayo mpaka nikanyamaza. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni insha, alama 40, na ukiandika insha kwa lugha ya steji mtahini hana huruma hata kidogo. Mwalimu mmoja aliyekuwa amesahihisha miaka mingi aliniambia, wewe unawafungulia mlango Jumanne mimi nafunga Jumatano, na mtoto hajui ni siku gani. Ni kweli. Ila pia ni kweli kwamba karatasi ya pili ina isimu jamii, alama 10, ambapo mtoto anatakiwa kueleza lugha inabadilika vipi kulingana na mahali na watu, na hakuna mfano mtamu kama kumpa ubeti wa sheng aubadilishe uwe Kiswahili sanifu bila kuharibu kina. Jaribuni. Mimi mwenyewe nilitoka jasho. Na si lazima rap iwe sheng nzito, kundi la Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 90 walirap Kiswahili cha kueleweka Tanzania mzima, mistari unaweza kuandika ubaoni mkaguzi akiwa ameketi nyuma.

Kuhusu matusi na bangi kwa rap sitakaa sana, mwalimu mwenye akili anachagua ubeti, venye tu anachagua hadithi. Kilichonisumbua zaidi ni wasichana. Wiki ya kwanza nilifurahia darasa limechangamka, wiki ya tatu nikagundua wanaochangamka ni wavulana sita, na wasichana wamegeuka kuwa wapiga makofi. Madarasa yote ya kawaida niliyofundisha wasichana ndio walikuwa wanainua mikono kwa ushairi! Nikawatajia marapa wa kike, Nazizi, Femi One, wakacheka, wanawajua vizuri kuniliko, hiyo haikuwa shida. Shida ilikuwa kusimama mbele na kupigiwa dawati na wavulana ambao wanangoja ukosee. Nilipobadilisha nikasema kila mtu aandike mistari minne kwa karatasi bila jina, mimi nisome, bora tano za kwanza zilikuwa na miandiko niliyoijua, na tatu zilikuwa za wasichana. Kumbe jukwaa ndilo lilikuwa linawatoa, si rap.

Kuna jambo lingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Hip hop inasema ukweli, ndiyo sifa yake, na shule zetu zinapenda sanaa mpaka pale sanaa itasema kitu. Aprili 2025 hapa hapa Nakuru, tamasha la kitaifa la drama, wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo wao ambao Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuuonyesha, na ilivyoisha kila mtu anajua, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na nje kuna vitoa machozi. Sasa wewe mwalimu wa mkataba wa BOM, unalipwa ikipatikana, utamwambia mtoto aandike rap ya ukweli kuhusu choo cha shule ama pesa ya tuisheni? Mimi sikumwambia. Nilisema andikeni kuhusu mazingira. Wanaotetea hip hop darasani wangesema hii sehemu wazi, kwamba tunachoingiza ni hip hop iliyonyolewa, na watoto wanaona hizo nywele chini.

Mazingira basi. Nakuru ukisema mazingira umesema flamingo. Kwa kifupi ilikuwa hivi: ziwa lilikuwa na maji ya magadi makali, ndani yake kunamea mwani mdogo sana ambao ndio chakula cha wale flamingo wadogo. Kuanzia miaka ya 2010 maji yakapanda, yakajipunguza makali, mwani ukapungua, ndege wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Kijana mmoja akaandika:

Flamingo walihama juu mji una kelele,
wakaenda Bogoria kukaa poa milele.

Makofi mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Kina safi kabisa, na sababu ni ya uongo. Na nakuhakikishia wiki iliyofuata ukiuliza hilo darasa flamingo walienda kwa nini, nusu wangekuambia kelele, juu mdundo haujali unabeba nini, utabeba uongo na ukweli kwa bei moja. Hii ndio hofu yangu kubwa na hizi rap za kukariri, mtoto anaweza kukuimbia sehemu zote za seli bila kujua hata moja inafanya nini.

Nikakaa naye saa ya michezo tukaichonga upya. Nikamwambia kwanza nielezee kwa maneno ya kawaida, akaeleza magadi, mwani, yote, madam wa Jografia alikuwa amewafunza vizuri. Halafu tukatafuta mistari. Ilituchukua karibu saa nzima, na hii ndio ilitoka:

Mvua ikajaza ziwa, makali yakapungua,
Kwa njaa wakalemewa, Bogoria wakatua.

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane, kina cha kati wa, kina cha mwisho a. Ni shairi la arudhi kabisa, lenye kufuata kanuni zote, Muyaka hangelitupa, na ukilipigia dawati linakaa kwa biti bila kusukumwa. Kijana alipoambiwa ameandika nusu ya tarbia, shairi la mistari minne kwa ubeti, alinitazama kama nimemtukana. Kwangu hiyo saa moja ndiyo hoja yote ya kutumia rap shuleni, si spika, si kuchangamsha watu baada ya githeri, ni kwamba alibadilisha neno labda mara thelathini na kila mara alikuwa anajiuliza, hii bado ni kweli? Mwalimu akiandika hiyo rap mwenyewe na kuwaimbia, huo mchakato wote wa kufikiri umebaki kwake, na pia, wacha niseme tu, mwalimu wa miaka arobaini akirap mbele ya kidato cha pili heshima hairudi mpaka mwaka uishe.

Kwa hivyo ningeiweka mara moja kwa wiki mbili hivi, watoto waandike, wasiimbiwe, na baada ya mistari kila mtu aandike aya moja kavu ya maelezo. Hiyo aya kavu nilikuja kuiongeza baadaye, nimechelewa. Juu angalia tena ile mistari yetu miwili mizuri: mwani haumo. Tuliujaribu, ukakataa kina, tukauacha nje, na tulikuwa tumefurahi sana hata hatukuona. Mtihani wa muhula ukaja na swali la flamingo, alama tatu, na kijana wangu akajibu vile tulivyochonga, mvua, makali, njaa, Bogoria, karibu neno kwa neno. Madam wa Jografia alimpa mbili, akaandika kando kwa kalamu nyekundu: njaa ya nini?